Kazi ya Mikono na Ushahidi wa Karatasi

(Maneno yaliyosemwa kwa niaba ya kamati ya elimu katika mkutano wa tawi. Yamepigwa chapa hapa kwa ajili ya wenzetu waliokuwa zamu wasiweze kufika.)



Kamati imetuomba tuseme leo juu ya jambo ambalo wanachama wamekuwa wakiliuliza ofisini mmoja mmoja, tena kwa sauti ya chini kana kwamba ni jambo la aibu. Jambo lenyewe ni hili: fundi wa Kenya akipata tajiri huko Marekani anayemtaka kwa kazi ya kudumu, atathibitishaje kwamba yeye ni fundi kweli? Atathibitishaje masomo yake, na miaka aliyofanya kazi?

Wako watakaosema, chama cha wafanyakazi kina haja gani na safari za watu? Twajibu hivi. Sisi hatumwambii mtu aondoke, wala hatumzuii. Lakini karatasi zinazotakiwa huko ndizo zinazotakiwa hapa nyumbani ukidai cheo, ukidai pensheni, au ukisimama mbele ya korti ya kazi. Basi hata asiyetaka kuvuka bahari na asikilize, maana wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Na mali ya fundi ni kazi yake.

Kwanza tuwakumbushe jambo la zamani. Wazee wetu walijua sana karatasi za kazi, lakini kwa njia ya uchungu. Sheria ya kipande ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kutumika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alipaswa kubeba kipande chake, na wengi walikitia katika kikopo cha bati na kukining'iniza shingoni. Ndani yake tajiri aliandika siku ya kuanza kazi, mshahara, na siku ya kuachishwa. Tajiri asipotia sahihi ya kumwachilia, mtu huyo alihesabiwa kuwa mtoro. Karatasi ile ilikuwa kamba ya kumfunga. Watu walipigana nayo miaka mingi mpaka ikaondolewa.

Sasa hivi mambo yamegeuka. Hakuna mtu anayetufunga karatasi shingoni, nasi kwa furaha ya kutofungwa tumezitupa karatasi zote. Cheti kimeliwa na panya, barua ya kuajiriwa imefungiwa sukari, karatasi za mshahara zimewashiwa jiko. Halafu siku moja mtu anaulizwa, wewe ni nani na umefanya nini? Naye hana la kuonyesha ila mikono yake. Mikono yetu ina makovu ya kweli, lakini makovu hayasomeki katika ofisi iliyo mbali maili elfu nane.

Sasa tueleze jinsi mambo yalivyo Marekani, kwa kifupi, kwa namna tulivyosoma na kuulizia. Sisi si mawakili, nasi hatujifanyi.

Sheria yao ya mwaka 1990 iliweka mafungu ya wafanyakazi wanaoweza kupewa ukaaji wa kudumu kwa ajili ya kazi. Fungu la tatu lina watu wa namna tatu. Wa kwanza ni wataalamu wenye digrii. Wa pili ni mafundi, yaani watu wa kazi inayohitaji mafunzo au uzoefu wa miaka 2 au zaidi. Wa tatu ni wafanyakazi wa kazi isiyohitaji miaka 2 hiyo. Wengi wetu tuko katika namna ya pili: wachomeleaji, mafundi wa injini, mafundi wa umeme, maseremala.

Njia kwa kawaida ina hatua tatu. Hatua ya kwanza, tajiri wa Marekani hupeleka maombi katika Wizara ya Kazi ya nchi yake, kwa fomu iitwayo ETA-9089, kuonyesha kwamba aliitangaza kazi na hakupata Mmarekani aliye tayari na anayefaa. Katika fomu hiyo anaandika kazi inataka nini: masomo gani, uzoefu wa miaka mingapi, katika kazi gani. Hatua ya pili, wizara ikikubali, tajiri hupeleka fomu I-140 kwa Idara ya Uraia na Uhamiaji. Ana siku 180 za kufanya hivyo, zikipita kibali cha wizara hufa. Hatua ya tatu ni ya mfanyakazi mwenyewe: kungoja foleni, kisha kuomba viza katika ubalozi.

Tafadhali shikeni neno hili: fomu I-140 ni ya tajiri, lakini ushahidi ni wa mfanyakazi. Tajiri hawezi kujua ulifanya nini Nakuru au Changamwe mwaka 2013. Ni wewe wa kumpa hizo barua.

Tena shikeni neno la pili, ambalo limewaangusha wengi. Siku tajiri anapopeleka maombi ya kwanza katika Wizara ya Kazi ndiyo siku ya kuhesabia. Mtu lazima awe amekwisha kutimiza kila sharti lililoandikwa kufikia siku hiyo. Jambo hili liliamuliwa katika shauri la Wing's Tea House mwaka 1977, na hata leo lashikwa. Kama fomu inataka miaka 2 nawe siku hiyo ulikuwa na mwaka 1 na miezi 10, huwezi kuongeza miezi 2 ukiwa unangoja. Kadhalika kazi ya nusu siku huhesabiwa nusu.

Sasa tuwape kisa cha mwenzetu, kwa ruhusa yake, bila kutaja jina. Tulikuwa naye katika mambo haya tangu mwanzo, nasi ndio tuliobeba mafaili.

Mwenzetu huyu ni mchomeleaji. Kabla ya kuja reli alifanya kazi miaka kadhaa kwa kampuni moja ya kandarasi iliyokuwa ikitengeneza mabehewa na matangi. Kampuni hiyo ilikwisha kufungwa. Alipoingia reli mwaka 2017 alikosa nafasi ya uchomeleaji, akawekwa katika gangi ya njia, kukaza misumari na kubadilisha mataruma. Mwaka 2022 tajiri mmoja wa Marekani mwenye karakana ya matrela alimtaka, akapeleka maombi yake: mchomeleaji, uzoefu wa miaka 2, masomo hayakutajwa.

Mnaona shida yake. Miaka yake ya reli ilikuwa na karatasi nzuri sana, lakini ilikuwa ya kazi nyingine. Miaka ya uchomeleaji ndiyo iliyotakiwa, nayo ilikuwa katika kampuni iliyokufa. Alikuwa na barua moja tu kutoka huko. Barua ilisema hivi, kwa ufupi: mtu huyu amefanya kazi kwetu tangu 2012 hadi 2016, ni mtu wa bidii na mwenendo mzuri, twamtakia heri. Basi.

Barua hiyo ikapelekwa. Baada ya miezi mingi Idara ikajibu kwa kutaka ushahidi zaidi. Ilisema, kwa haki kabisa, kwamba barua haikuonyesha kazi aliyoifanya. Bidii ya nini? Mwenendo mzuri wa kufanya nini? Karani aliyeandika alidhani anamsaidia kwa kumsifu, kumbe alitakiwa kueleza kazi.

Muda wa kujibu ulikuwa siku 84, yaani wiki 12, nao hauongezwi. Tena majibu yote hupelekwa pamoja mara moja. Ukipeleka nusu ukasema nusu inakuja, wao wataamua kwa ile nusu.

Hapo ndipo mtihani ulipokuja. Mtu mmoja mjini alimwambia, usijisumbue, nipe shilingi elfu kumi nitakutengenezea barua ya kampuni ile, na muhuri, na sahihi ya meneja. Mwenzetu alikuja kwetu usiku na maneno hayo. Hatutaficha: alikuwa amekwisha kutoa nusu ya fedha katika M-Pesa, bado kuituma. Mkewe alikuwa mjamzito, watoto wawili shule, na mshahara wa gangi mnaujua. Alisema, mimi si mwongo, kazi niliifanya kweli, kwa nini karatasi ya uongo juu ya jambo la kweli iwe dhambi?

Ndugu zetu, swali hilo ni zito, nasi hatukumcheka. Tulimjibu mambo mawili. La kwanza ni la sheria: huko Marekani mtu akipatikana ametumia udanganyifu au hati ya uongo katika jambo lenye uzito ili apate viza, hufungiwa mlango maisha yake yote, ila kwa msamaha ulio mgumu kupatikana. Na kuna shauri lao la mwaka 1988 liitwalo Matter of Ho, lisemalo kwamba shaka katika kipande kimoja cha ushahidi yaweza kuharibu imani ya vilivyobaki. Maana yake barua moja ya uongo huua barua kumi za kweli. La pili ni la kwetu: kazi ya kweli uliyoifanya kwa jasho ukiifunika kwa muhuri wa kuchongwa, umeifanya nayo iwe ya uongo.

Akakaa kimya. Kisha akasema, basi nisaidieni kuutafuta ukweli ulipo. Fedha hakutuma.

Tukaanza kazi. Sikilizeni jinsi ushahidi ulivyopatikana, maana hapo ndipo lilipo funzo.

Kwanza tulikwenda ofisi ya NSSF tukaomba taarifa ya michango yake. Taarifa huonyesha jina la tajiri na miezi aliyolipa. Ilionyesha kampuni ile tangu Julai 2012 hadi Septemba 2016, miezi 51, lakini miezi 7 katikati ilikuwa mitupu. Tajiri alikata asipeleke. Hayo ni mambo mnayoyajua.

Pili tulitafuta fomu za P9 za kodi ya mapato. Alikuwa nazo za miaka 2, zikiwa katika Biblia ya mama yake.

Tatu, cheti cha mtihani wa ufundi. Alikuwa amefanya Gredi ya Tatu ya uchomeleaji akiwa kazini. Siku hizi mitihani hiyo iko chini ya Mamlaka ya Taifa ya Mafunzo ya Viwanda, NITA. Cheti hakithibitishi miaka ya kazi, lakini huonyesha kwamba mtu ni wa ufundi huo, na tarehe yake iliangukia ndani ya miaka ile.

Nne, ndilo kubwa, tulimtafuta mnyapara wake wa zamani. Alikuwa amestaafu, analima Ukambani. Wawili wetu tulipanda garimoshi mpaka Kibwezi, kisha pikipiki, kisha miguu. Mzee alipomsikia jina alicheka akasema, yule kijana aliyechoma tangi la tatu likavuja akalirudia usiku kucha? Namkumbuka. Akakubali kula kiapo. Tukampata na mchomeleaji mwenziwe aliyefanya naye benchi moja. Kanuni zao zasema, ikiwa hati yenyewe haipatikani, wala ushahidi mwingine wa maandishi hautoshi, viapo vya watu wawili au zaidi walioliona jambo kwa macho yao, nao si wahusika wa ombi, vyaweza kupokelewa. Lakini lazima kwanza uonyeshe kwamba hati hiyo haipatikani. Kwa hiyo tulipeleka pia uthibitisho kutoka kwa Msajili wa Makampuni kwamba kampuni haipo tena.

Viapo hivyo viliapwa mbele ya Kamishna wa Viapo. Cha mzee kilikuwa kwa Kiswahili, kwa hiyo kilifasiriwa kwa Kiingereza, na mfasiri akaandika chini yake kwamba tafsiri ni kamili na sahihi, naye anazijua lugha zote mbili. Hilo ni sharti, msilisahau.

Likabaki jambo moja la kututia jasho. Katika fomu ya kwanza mwenzetu alikuwa ameandika kwamba alianza Januari 2012. NSSF ilisema Julai. Nani mwongo? Hakuna. Miezi 6 ya kwanza alikuwa kibarua, akilipwa mkononi kila Jumamosi, bila NSSF, bila sahihi. Tungeweza kunyamaza tukitumaini hawataona. Wakili wa tajiri alisema la, elezeni. Basi mwenzetu akaapa na kueleza wazi: miezi ile 6 nilikuwa kibarua, sina karatasi, wala siiombei ihesabiwe. Na ile miezi 7 mitupu kadhalika, hatukuitegemea.

Hesabuni wenyewe. Miezi 51 ukitoa 7 yabaki 44. Sharti lilikuwa miezi 24. Tulikuwa tumejisumbua kulinda miezi tusiyoihitaji! Hapa twataka kila mtu aandike moyoni: hutakiwi kuthibitisha maisha yako yote, watakiwa kuthibitisha lile lililoandikwa katika fomu. Thibitisha miaka 2 kwa uthabiti kuliko miaka 10 kwa kubabaika. Na kipimo chao si kuondoa kila shaka kama katika kesi ya mauaji. Kipimo ni kwamba, ukitazama ushahidi wote, jambo laelekea kuwa kweli kuliko kutokuwa kweli.

Majibu yalipelekwa siku ya 71. Fomu ya tajiri ikakubaliwa. Mwenzetu bado yuko nasi katika gangi, maana fomu kukubaliwa si viza. Kuna foleni, na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani hutoa tangazo kila mwezi kuonyesha foleni imefika wapi. Pengine atakwenda, pengine sheria itabadilika kabla. Lakini hakuna atakayemwita mwongo.

Sasa tuwape mambo ya kushika, moja moja.

Barua ya kazi iwe namna gani? Kanuni yao yataka barua kutoka kwa tajiri wa sasa au wa zamani, yenye jina la mwandishi, anwani yake na cheo chake, na maelezo dhahiri ya kazi uliyoifanya au mafunzo uliyopewa. Nasi twaongeza haya: siku ya kuanza na siku ya kuacha, kwamba ilikuwa kazi ya siku nzima, saa ngapi kwa wiki, cheo chako, mitambo na vifaa ulivyotumia. Usiandike «alikuwa fundi» tu. Andika alichomelea bamba la chuma la unene gani, kwa mtambo gani, alisoma michoro au hakusoma, alisimamia wangapi.

Tarehe ziandikwe kwa jina la mwezi. Sisi tukiandika 5/3/2012 twamaanisha tarehe 5 Machi. Mmarekani huanza na mwezi, kwa hiyo ataisoma kuwa tarehe 3 Mei. Kosa dogo kama hilo huzaa maswali makubwa.

Majina nayo ni taabu yetu Wakenya. Cheti cha shule kina jina la ubatizo na la baba, kitambulisho kina matatu, NSSF wameandika kwa herufi zilizokosewa. Yarekebisheni mapema. Yasiyorekebika, kula kiapo cha majina ueleze kwamba watu hao wote ni wewe.

Je, masomo? Hapa wengi huvunjika moyo bure. Baadhi yetu tuliishia shule ya msingi ya misheni, tukatoka na cheti cha darasa la nane na kuimba vizuri. Wanatuuliza, mlango umefungwa? Si lazima. Kwa fungu la mafundi, sheria haitaji digrii. Sharti la masomo ni lile tajiri aliloliandika katika fomu yake. Asipotaka shule ya sekondari, hutaulizwa. Lakini akiandika kwamba yatakiwa kumaliza sekondari, nawe hukumaliza, basi hata ukiwa na miaka 20 ya kazi hutoshi, labda fomu yenyewe iwe imesema kwamba uzoefu wakubaliwa mahali pa masomo. Kwa hiyo mwambie tajiri ukweli wa masomo yako kabla hajaandika, si baada ya kuandika. Wala yeye haruhusiwi kuandika sharti lolote ili kukupendelea. Sharti liwe la kazi yenyewe.

Wenye stashahada kutoka vyuo vyetu, pamoja na chuo chetu cha reli cha Nairobi kilichoanzishwa 1956, wajue kwamba stashahada si digrii mbele ya sheria hiyo. Anayeomba kama mtaalamu lazima awe na digrii yenyewe, na miaka ya kazi haiwi badala yake. Wako watu wanaopima vyeti vya nchi za nje na kuandika maoni kwamba vyalingana na vya Marekani. Maoni hayo husaidia, lakini Idara haifungwi nayo. Cheti kikipotea, uliza baraza la mitihani lenyewe, KNEC, lililoanzishwa 1980, usiulize mtu wa kona.

Jambo jingine: fedha. Tangu 2007 kanuni za Wizara ya Kazi ya Marekani zamkataza tajiri kumlipisha mfanyakazi gharama za maombi ya hatua ile ya kwanza, pamoja na malipo ya wakili wa tajiri. Basi mtu akikuambia utoe laki tatu ili «kazi itangazwe Marekani», jiulize fedha hizo zaenda wapi.

Sasa tugeuke tutazame hapa nyumbani, maana hapa ndipo chama kina nguvu.

Sheria yetu ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 51, yasema mfanyakazi akiacha kazi tajiri lazima ampe cheti cha utumishi, ila kama hakutimiza wiki 4 mfululizo. Cheti hicho huonyesha jina na anwani ya tajiri, jina la mfanyakazi, siku ya kuanza, aina ya kazi na mahali, na siku ya kuacha. Tajiri halazimishwi kukusifu. Vema, sifa hatuzihitaji, tumeona zilivyotuponza. Lakini cheti ni haki yako, na anayekataa kwa makusudi avunja sheria.

Tena kifungu cha 10 chamtaka tajiri aandike maelezo ya kazi yako, na ayahifadhi kwa miaka 5 baada ya wewe kuondoka. Miaka 5, ndugu zetu. Baada ya hapo akichoma moto hana kosa kwa sheria hiyo. Kwa hiyo anayengoja mpaka apate bahati ya Marekani ndipo atafute barua ya mwaka 2012 amechelewa. Barua hutakwa siku ile unapotoka mlangoni, wakati karani bado akujua kwa jina. Na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 yakupa haki ya kuona habari zako wanazoziweka.

Na sasa neno ambalo halina sheria ya Marekani ndani yake. Mwenzetu alifanya kazi ya fundi miezi 6 kwa jina la kibarua. Wangapi humu ndani wako hivyo hata leo? Wangapi wanaochomelea, wanaofunga injini, wanaotengeneza umeme, na karatasi yasema «mfanyakazi wa mkono»? Tulidhani hasara yake ni mshahara tu. Sasa tumeona hasara ya pili: kazi ile ikifutwa katika karatasi, imefutwa katika maisha ya mtu. Hawezi kuipeleka Marekani, wala Mombasa, wala kwa tajiri wa jirani. Wizi wa cheo ni wizi wa kesho ya mtu. Kwa hiyo kamati yaomba tawi likubali mambo matatu.

Moja, kila mwakilishi wa karakana aandike orodha ya wanachama wanaofanya kazi isiyolingana na cheo chao kilichoandikwa, tuipeleke mezani katika majadiliano yajayo.

Mbili, chama kipige chapa mfano wa barua ya utumishi, wenye nafasi zote tulizozitaja, tuwape makarani wa matajiri, maana wengine hukosea kwa kutojua.

Tatu, kila mwanachama anunue bahasha moja kubwa. Atie ndani barua ya kuajiriwa, karatasi ya mshahara ya kila Januari na kila Julai, P9 za kila mwaka, vyeti, na nambari ya simu ya mnyapara wake. Bahasha hiyo ikae mahali pasipofika panya wala mvua. Bei yake ni ndogo kuliko ya soda.

Wazee wetu walibeba kikopo shingoni kwa kulazimishwa, na ndani yake yalikuwa maneno ya tajiri. Sisi tubebe bahasha kwa hiari, na ndani yake yawe maneno ya kweli juu ya kazi yetu. Anayekwenda aende kama fundi, si kama mtoro. Anayebaki abaki kama fundi, na alipwe kama fundi.

Anayetaka kutazama ule mfano wa barua aje ofisini Alhamisi jioni baada ya zamu. Mwenzetu wa gangi atakuwapo, naye ataeleza kuliko sisi.

Umoja ni nguvu.